Makaa ya Mbinga: cheti chenye namba moja hakitoshi

Mkulima wa kahawa anayepeleka magunia yake kwenye chama cha msingi wilayani Mbinga hawezi kukubali mzani ufunikwe kwa turubai, kisha karani achungulie na kutangaza, "Kilo zako 412." Atataka kuuona mshale ukipanda, ukitikisika na kutulia. Atataka kujua kama mzani ulianzia sifuri kabla gunia halijapandishwa. Si lazima awe fundi wa mizani ndipo adai hayo. Mali ni yake, na fedha itakayolipwa ni yake.

Katika biashara ya makaa ya mawe, ambayo imeshika kasi katika wilaya hiyo hiyo tangu uchimbaji wa Ngaka ulipoanza mwaka 2011, desturi hiyo bado haijajengeka. Mwenye makaa hukabidhiwa karatasi ya maabara yenye namba nne au tano: nguvu ya joto, majivu, unyevu, salfa. Namba hizo ndizo zinazoamua bei, na ndizo zinazoamua kama mzigo utapokelewa au utakatwa fedha. Jinsi namba hizo zilivyopatikana haionekani popote kwenye karatasi. Mshale umefunikwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba siku hizi hakuna sababu ya kuufunika. Mashine za kisasa za maabara huandika zenyewe kila hatua ya kipimo, toka mwanzo hadi mwisho. Kumbukumbu hiyo ipo tayari. Kinachokosekana ni mfanyabiashara kuiomba, na mkataba kumpa haki ya kuipata.

BIASHARA ILIYOKUA HARAKA

Makaa ya Ngaka yalijulikana kwa miaka mingi kabla hayajawa biashara. Kampuni ya TANCOAL iliundwa mwaka 2008 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), lililokuwa na asilimia 30, na mwekezaji binafsi aliyekuwa na asilimia 70. Mwezi Agosti 2016 Serikali ilizuia makaa ya mawe kutoka nje ili viwanda, hasa vya saruji, vitumie ya nyumbani. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuvuruga soko la nishati duniani, wanunuzi wa mbali walianza kuulizia makaa ya kusini mwa Tanzania, na bandari ya Mtwara ikawa lango la mzigo huo.

Pamoja na makampuni makubwa wakaingia watu wa mtaji mdogo. Wako walionunua lori moja kwa mkopo. Wako madalali wanaounganisha mchimbaji na kiwanda. Wako waliochanga fedha kuingia katika leseni ndogo. Hao wote wanaishi kwa tofauti ndogo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Kutoka Mbinga hadi Mtwara kwa njia ya Songea, Tunduru na Masasi ni zaidi ya kilomita 700, na mafuta ya gari yakishalipwa, faida inayobaki ni nyembamba. Makato madogo ya ubora yanatosha kuimaliza.

Kampuni kubwa ina mkemia wake na mwanasheria wake. Namba ikija vibaya, itapinga kwa hoja. Mtu wa lori tatu hana hao. Yeye hupokea karatasi, huguna, kisha hutia sahihi. Ndiyo maana suala la kumbukumbu za kipimo ni la mfanyabiashara mdogo kuliko la mtu mwingine yeyote.

KIPIMO KILICHOZALIWA SOKONI

Mfano mzuri wa jambo hili ni kipimo cha salfa. Salfa katika makaa ikiungua hutoa moshi mkali unaokula vyuma na kuchafua hewa, na ndiyo maana wanunuzi wengi huiwekea kikomo. Njia mojawapo ya kuipima, inayotambuliwa kimataifa kwa miaka mingi, ni hii: sampuli ya makaa iliyosagwa, nusu gramu hivi, huunguzwa katika oksijeni kwenye joto la nyuzi 1,350. Moshi wake hupitishwa katika haidrojeni peroksaidi, na salfa yote inageuka asidi. Halafu asidi hiyo hupimwa kwa kudondoshewa kostiki soda ya nguvu inayojulikana, kidogo kidogo, hadi iishe. Kiasi cha kostiki kilichotumika ndicho kinachosema asidi ilikuwa kiasi gani, na kwa hiyo salfa ilikuwa kiasi gani. Upimaji wa namna hii, wa kudondosha hadi kikomo, huitwa titresheni.

Inafaa wafanyabiashara wajue kwamba upimaji huu haukuzaliwa katika vyuo. Ulizaliwa sokoni, kwa sababu ya udanganyifu wa sokoni. Mwishoni mwa karne ya 18 Mfaransa Descroizilles, wa mji wa Rouen wenye viwanda vya nguo, alitengeneza mrija wenye alama ili kupima nguvu ya dawa za kupaushia vitambaa. Mwaka 1806 alieleza chombo cha kupimia magadi, bidhaa ambayo wauzaji waliichanganya na uchafu na wanunuzi hawakuwa na njia ya kuijua safi. Mwaka 1832 Gay-Lussac aliwapa watengeneza sarafu wa Ufaransa njia ya kupima fedha kwa maji ya chumvi, baada ya kuonekana kwamba njia ya kale ya tanuri ilisoma fedha pungufu kuliko ilivyo. Mwenye fedha alikuwa anapunjwa na kipimo chenyewe, wala si na mtu.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na jicho. Mkemia alifungua koki, matone yakashuka, naye akangoja rangi ibadilike. Jicho la mmoja liliona waridi mapema, la mwingine likachelewa. Namba iliyoandikwa daftarini ilikuwa moja tu, ya mwisho, kwa sababu hakukuwa na nyingine ya kuandika.

Mashine imebadilisha hilo. Bomba linaloendeshwa na mota husukuma kostiki kwa vipimo vidogo mno. Elektrodi iliyozamishwa katika chombo husoma ukali wa asidi baada ya kila dozi. Mashine hungoja usomaji utulie, huandika, kisha hutia dozi nyingine. Ukali huo hupimwa kwa kipimo cha pH: hapo mwanzo, asidi ikiwa nyingi, pH iko chini ya 3 na hupanda polepole sana. Ikikaribia kikomo hupanda ghafla kama barabara inayopanda kutoka ziwani kuelekea milima ya Umatengo, halafu hulala tena. Mashine hupunguza dozi inapoona mlima unaanza, na mahali penye mwinuko mkali kuliko pote ndipo kikomo. Kipimo kimoja kinaacha nyuma yake makumi ya mistari: kiasi kilichotiwa, usomaji wa elektrodi, muda, na mara nyingi hata joto la maji.

Mistari hiyo yote hukaa katika kompyuta ya maabara. Kwenye cheti huja namba moja.

MATONE MAWILI NA NUSU

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lina uzito wowote wa fedha. Hesabu yake ni rahisi.

Chukua nusu gramu ya makaa yenye salfa asilimia 0.80. Ndani yake mna miligramu 4 za salfa. Kostiki ya nguvu ya moli 0.05 kwa lita itakayohitajika kuimaliza asidi yake ni mililita 5 hivi. Sasa chukua makaa mengine yaliyosomeka asilimia 0.82. Tofauti ya kostiki kati ya hayo mawili ni mililita 0.125. Tone moja la kawaida ni kama mililita 0.05. Kwa hiyo tofauti yote ni matone mawili na nusu.

Kama mkataba unaweka kikomo cha asilimia 0.80, matone hayo mawili na nusu ndiyo yanayotenganisha mzigo safi na mzigo wa kukatwa. Kwa mfano wa hesabu tu, makato yakiwa Sh. 2,000 kwa tani, na mzigo ukiwa tani 3,000, muuzaji anapoteza Sh. milioni 6. Hakuna anayeweza kusema milioni 6 ni fedha ndogo kwa mwenye malori matatu.

Matone hayo yanaweza kutokea wapi kama hayakutoka katika makaa? Yanaweza kutokea sehemu nyingi, na karibu zote huacha alama katika kumbukumbu ya mashine.

Kwanza ni nguvu ya kostiki yenyewe. Hesabu yote inasimama juu ya imani kwamba kostiki ile ina nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Kama chupa inasema 0.0500 lakini nguvu ya kweli imeshuka hadi 0.0488, itahitajika kostiki zaidi kumaliza asidi ile ile, na makaa ya asilimia 0.80 yatasomeka 0.82. Makaa hayakubadilika; chupa ndiyo iliyobadilika. Maabara makini hupima nguvu ya kostiki yake mara kwa mara kwa kutumia poda safi ya asidi yenye uzito unaojulikana, na huandika tarehe. Tarehe hiyo na namba hiyo ni haki ya mwenye mzigo kuziona.

Pili ni hewa. Kostiki iliyoachwa wazi hufyonza kabonidayoksaidi na kugeuka nusu magadi. Kosa hili hujificha kabisa katika namba ya mwisho, lakini kwenye grafu haliwezi kujificha: mlima ambao ulipaswa kuwa mmoja na mkali unakuwa butu, au unagawanyika kuwa na mabega mawili. Hata asiye mkemia, akiwekewa grafu mbili mezani, moja nzuri na moja ya namna hiyo, ataona kwamba hazifanani.

Tatu ni haraka. Elektrodi iliyochoka au chafu huchelewa kutulia. Mashine ikiwa imepangwa kutia dozi bila kungoja ipasavyo, itakipita kikomo kabla haijakigundua, na kiasi kitasomeka kikubwa. Safu ya muda katika kumbukumbu huonyesha wazi kama kila usomaji ulipewa nafasi ya kutulia. Vilevile elektrodi huhakikiwa kwa maji ya pH inayojulikana. Katika joto la nyuzi 25 elektrodi nzima hutoa karibu milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH. Ikishuka sana chini ya hapo, imechoka, na jambo hilo ni zito hasa pale mashine inapoamriwa isimame kwenye pH fulani badala ya kutafuta mwinuko.

Nne ni kiputo cha hewa ndani ya bomba. Mota husukuma, mashine huandika kwamba imetia kostiki, kumbe imetia hewa. Kwenye grafu huonekana kama ngazi: dozi imeandikwa, usomaji haukusogea. Kosa hilo nalo humwongezea muuzaji salfa asiyokuwa nayo.

Tano ni kipimo tupu, yaani titresheni inayofanywa kwa dawa zote bila makaa. Dawa zenyewe zinaweza kuwa na asidi kidogo, na kiasi hicho lazima kitolewe katika hesabu. Tena makaa yenye klorini hutoa asidi nyingine inayohesabiwa kama salfa endapo haikusahihishwa. Kwenye cheti chenye namba moja, hakuna ajuaye kama masahihisho hayo yalifanyika.

Makosa haya hayamwonei muuzaji peke yake. Kostiki iliyopungua maji kwa kukaa joto huwa kali zaidi ya ilivyoandikwa, na salfa husomeka pungufu. Hapo anayepunjwa ni mnunuzi, naye kiwanda chake kitalipa baadaye. Kumbukumbu iliyo wazi inawalinda wote wawili, na ndiyo maana haipaswi kuonekana kama silaha ya upande mmoja.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wanaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa maabara nyingi sasa hupima salfa kwa mwanga wa infraredi bila titresheni yoyote. Ni kweli, lakini mashine hizo nazo huchora mstari wa gesi ukipanda na kushuka, nazo huhakikiwa kwa sampuli ya kiwango inayojulikana. Hata kipimo cha nguvu ya joto, ambacho ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei, hakiko mbali na hapa. Makaa huunguzwa ndani ya chombo cha chuma kilichozamishwa majini, na joto la maji hufuatwa dakika kwa dakika kabla na baada ya mwako. Baadaye chombo husuuzwa, na asidi iliyomo katika maji ya kusuuza huweza kupimwa kwa titresheni ili kusahihisha hesabu. Njia zinatofautiana, kanuni ni moja. Cheti kinapaswa kutaja njia iliyotumika, na kumbukumbu ya njia hiyo iweze kuonekana.

Wengine wanasema mwenye lori hataelewa grafu. Hoja hiyo ni dharau. Mkulima wa Umatengo aliyelima ngoro kwenye miteremko kizazi baada ya kizazi hahitaji kufundishwa kwamba mteremko una maana. Na kama haelewi, anaweza kumpelekea anayeelewa. Mwalimu wa kemia wa sekondari ataisoma grafu ya titresheni bila shida. Hawezi kuisoma kama haikutolewa.

Hoja ya tatu ni gharama. Kumbukumbu iko tayari ndani ya kompyuta. Kuichapa ni karatasi mbili, kuituma kwa simu ni chini ya hapo. Kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, tayari kinazitaka maabara zitunze usomaji wa awali na kumbukumbu zinazowezesha kipimo kurudiwa, na mabadiliko yoyote ya kumbukumbu yaweze kufuatiliwa. Maabara yenye ithibati haiombwi kufanya kazi mpya. Inaombwa ionyeshe iliyokwisha kufanya. Maabara itakayosema haiwezi kutoa kumbukumbu hiyo inamwambia mteja jambo la maana sana kuhusu yenyewe.

Hoja ya nne ndiyo nzito, nayo lazima ikubaliwe. Lori moja hubeba kama tani 30. Kinachopimwa ni nusu gramu. Hiyo ni sehemu moja katika sehemu milioni 60. Sampuli ikichotwa juu juu, au upande mmoja wa lori, grafu nzuri kuliko zote duniani haitaokoa kitu. Mvua nayo ina mambo yake: kati ya Desemba na Aprili lori lisilofunikwa vizuri linaweza kufika likiwa na maji zaidi ya lilivyoondoka, na ongezeko la asilimia 2 tu katika tani 30 ni kilo 600 za maji zinazosafirishwa kwa bei ya makaa. Tena ipo tofauti ya namna ya kutaja namba. Makaa yenye salfa asilimia 0.80 yakihesabiwa yakiwa makavu kabisa, yatasomeka 0.72 yakihesabiwa pamoja na unyevu wa asilimia 10. Muuzaji akisoma namba moja na mnunuzi akasoma nyingine, ugomvi utazaliwa bila mtu yeyote kukosea.

Lakini hoja hiyo haiondoi haja ya kumbukumbu, inaipanua. Kumbukumbu inapaswa kuanzia kwenye lori: sampuli ilichotwa wapi, mara ngapi, na nani, mbele ya nani, ikafungwa saa ngapi. Halafu iendelee maabara. Mnyororo wenye pete moja iliyokosekana si mnyororo.

FUNZO LA KAHAWA, NA NJIA YA ZIWA

Mbinga si ngeni katika mambo haya. Kahawa iliwafundisha watu wake thamani ya kipimo muda mrefu kabla ya makaa. Shirika la Kimataifa la Kahawa liliweka katika maazimio yake kwamba kahawa inayouzwa nje isiwe na unyevu chini ya asilimia 8 wala zaidi ya 12.5. Kahawa yenye maji mengi huota ukungu. Iliyokauka kupita kiasi hupoteza uzito na ladha. Mkulima aliyerudishiwa magunia yake kwa sababu ya kijimashine cha unyevu anajua uchungu wa namba iliyotamkwa bila maelezo. Anajua pia kwamba kijimashine hicho kikipimwa asubuhi yenye ukungu kinaweza kusema jambo jingine mchana. Ndiyo maana wenye busara hupima mara tatu na kuandika zote tatu.

Mizani ya kahawa ina mlinzi wake. Wakala wa Vipimo huikagua na kuipiga muhuri, na lumbesa hupigwa vita kwa jina lake. Kipimo cha kemia hakina muhuri unaoonekana kwa jicho la mwenye mali. Muhuri wake pekee ni kumbukumbu ya jinsi kilivyofanyika.

Suala hili halitaishia katika barabara ya Songea na Mtwara. Upande wa magharibi, wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inatazama maji yanayofika Malawi na Msumbiji. Bandari ya Ndumbi imekuwa ikitajwa kwa shehena ya makaa, na meli za mizigo MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000, ziliundwa kwa ajili ya ziwa hilo. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imefupisha safari iliyokuwa ya mateso. Mzigo ukivuka ziwa, utapimwa mara mbili: upande huu na upande wa pili, na maabara mbili, katika nchi mbili, pengine kwa njia mbili.

Namba mbili zisizolingana zitakuja, hilo ni hakika. Swali ni kama pande mbili zitakaa mezani zikiwa na namba mbili tupu, au zitakaa na kumbukumbu mbili zinazoweza kulinganishwa mstari kwa mstari. Katika hali ya kwanza mwenye sauti kubwa hushinda, na kwa kawaida mwenye sauti kubwa ni mwenye fedha. Katika hali ya pili kosa linaweza kuonekana mahali lilipo: hapa kostiki ilikuwa dhaifu, pale kipimo tupu hakikutolewa, pale namba imeandikwa kwa makaa makavu.

YANAYOPASWA KUINGIA KATIKA MKATABA

Wafanyabiashara na wawekezaji wadogo hawana haja ya kungoja sheria mpya. Mambo machache yakiandikwa katika mkataba kabla lori la kwanza halijapakiwa yatawasaidia kuliko malalamiko ya baadaye.

La kwanza, njia ya kila kipimo itajwe, na itajwe pia kama namba ni ya makaa makavu au ya makaa kama yalivyopokelewa. La pili, sampuli igawanywe mafungu matatu mbele ya pande zote: la muuzaji, la mnunuzi, na la tatu lifungwe kwa lakiri na kutunzwa kwa ajili ya usuluhishi. La tatu, kila cheti kiambatane na kumbukumbu kamili ya mashine, pamoja na tarehe ya kuhakiki kostiki, elektrodi na kipimo tupu. La nne, kila kipimo kifanywe angalau mara mbili, na matokeo yote mawili yaonyeshwe, si wastani peke yake. La tano, tofauti iliyo ndani ya uwezo wa kawaida wa kipimo isihesabiwe kuwa kosa la ubora. Matone mawili na nusu hayapaswi kumfilisi mtu.

Vyama vya wasafirishaji na wachimbaji wadogo wana nafasi yao hapa. Mwanachama mmoja akidai kumbukumbu ataonekana msumbufu. Wanachama hamsini wakidai, itakuwa desturi. Kwa upande wa Serikali, Shirika la Viwango (TBS), Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na Tume ya Madini zina uwezo wa kuonyesha mfano kwa kutoa kumbukumbu pamoja na vyeti vyao kwa kila anayeomba. Vyombo vya umma vikianza, maabara binafsi hazitakuwa na kisingizio.

Kwa mwenye fedha ya kuweka katika biashara hii, ushauri ni mfupi. Kabla ya kuuliza bei ya tani, aulize nani atapima, kwa njia gani, na kama kumbukumbu zitaonekana. Akijibiwa kwamba cheti kinatosha, akumbuke mzani uliofunikwa kwa turubai, na apeleke fedha yake kwingine.